Bibi Hakumshika Mtoto

Mtoto wa mdogo wangu ana miaka tisa, na akisimama mbele ya kaunta ya duka langu hapa Bariadi, utosi wake unafika kwenye mstari wa pili wa misumari iliyopigiliwa ubaoni, kuanzia chini. Mwaka jana ulikuwa haujaufikia. Hakuna anayejua kwamba ninampima. Akija likizo, akaingia na kuniamkia, “Shikamoo, mama mkubwa,” macho yangu yanakimbilia misumari kabla sijaitikia marahaba. Watoto wa mtaa wetu wa umri wake wanafika mstari wa tatu. Najua kwa sababu nimewapima wote, watoto wa watu, kila wakitumwa sabuni.

Ni mzima kabisa. Anakula, anakimbia, ana mdomo wa kumshinda mtu mzima. Ukimtazama bila kujua chochote utasema tu ni mtoto mwenye umbo dogo, na wenye umbo dogo wapo wengi. Tatizo ni langu mimi ninayejua.

Wakati ule duka lilikuwa la vipodozi, na mkorogo, yale mafuta ya kung'arisha ngozi, nilichanganya mwenyewe. Naandika hivyo bila kuzungukazunguka, maana nimezunguka miaka ya kutosha. Nilikuwa nanunua losheni ya kawaida kwa dumu, halafu tyubu za dawa ya ngozi kwa boksi, zile ambazo kwa haki zingeuzwa kwa cheti cha daktari. Jumamosi asubuhi nafunga mlango wa nyuma, naweka beseni katikati ya miguu, nakamua tyubu moja baada ya nyingine, nakoroga kwa mwiko mpaka rangi inakuwa moja. Kisha naweka kwenye makopo. Wateja walinisifu. Walisema mkono wangu ni mwepesi, kwamba mkorogo wa wengine unababua lakini wangu unalainisha.

Ndani ya kila boksi la tyubu kulikuwa na karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, maandishi madogo ya Kiingereza pande zote mbili. Sikuwahi kuikunjua hata moja. Zilikuwa kavu na zilishika moto upesi, kwa hiyo nilizitunza kwenye mfuko wa nailoni karibu na jiko, nikawa nawashia mkaa. Chai nyingi nimepika kwa karatasi zile.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa upande wa Kasoli, kwa watu wa pamba na ng'ombe, watu wema wenye kelele. Mimi na yeye tulilelewa na bibi mzaa mama, huko Lalago, baada ya mama yetu kufariki. Yeye alikuwa bado ananyonya. Bibi alimbeba mgongoni akipalilia, akimlisha uji kwa kiganja. Mimi nilikuwa na miaka minane, nikachukua nusu ya mzigo. Ndiyo maana ananiita dada kwa sauti ambayo wengine huitia mama. Bibi alifariki mwaka mmoja kabla ya harusi ya mdogo wangu.

Alipokuwa na mimba ya miezi mitatu alikuja mjini akijikuna. Ulikuwa msimu wa kupulizia pamba, na mumewe alikuwa anarudi na bomba mgongoni, nguo zimelowa dawa, na mdogo wangu ndiye anayezifua. Mikono, tumbo na mapaja yalikuwa na vipele, na usoni mimba ilikuwa imemtia weusi mashavuni. Alikuwa analia kwa kero. Mimi nikafanya nilichokuwa nafanya kwa kila mtu. Nilimpa kopo, tena nikaliongezea tyubu mbili, maana ni damu yangu, sikutaka apate lile jepesi la wateja.

Siku ya tatu akanipigia simu anacheka. Mwasho umeisha. Baada ya wiki mbili weusi wa mashavuni ukaanza kuondoka, na mawifi zake wakamuuliza anakula nini. Basi ikawa hivyo mpaka anajifungua: asubuhi baada ya kuoga, jioni baada ya kuoga, mwili mzima, na tumbo zaidi kwa sababu ndilo lililokuwa linawasha. Kopo likikaribia kuisha anapiga, nami natuma jingine kwa gari la asubuhi. Sikumchaji. Nilijivunia sana kutokumchaji.

Kliniki ya mwezi wa saba wa mimba nilikwenda naye. Nesi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mpole, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipima tumbo kwa futi, kuanzia kinena kwenda juu, akasoma, akapima tena. Akaangalia kadi. Akasema tumbo halilingani na miezi, liko nyuma. Akauliza kama mwezi wa mwisho wa kuona siku zake una uhakika, na mdogo wangu akasema una uhakika. Akauliza malaria, presha, chakula, pombe, kazi nzito. Kisha akauliza, “Kuna dawa yoyote unatumia? Ya hospitali, ya kienyeji, ya dukani?”

Mdogo wangu akasema hakuna, vidonge vya damu tu alivyopewa hapo. Hakusema uongo. Kwetu anayejipaka amejipaka mafuta, na mafuta hayahesabiwi pamoja na dawa. Ungemuuliza siku hiyo hiyo kama sabuni ni dawa angeshangaa vile vile.

Lakini nesi alinigeukia mimi, akanitazama juu ya miwani, kama anayengoja niongeze neno. Na mimi nilijua. Sikujua yote, ila nilijua kwamba kitu kinachoondoa mwasho kwa siku tatu si mafuta. Nilikuwa nakamua tyubu zenye jina la dawa. Kulikuwa na neno mdomoni, nalihisi mpaka leo lilivyokuwa limekaa nyuma ya meno. Nikafikiria duka. Nikafikiria kwamba nesi yule ana ndugu, na ndugu wana midomo. Nikasema, “Hakuna kitu, dada.”

Alipelekwa kipimo cha picha, wakasema mtoto ni mdogo kwa umri wake, arudi kila wiki mbili. Alirudi akiwa amepaka.

Mtoto alizaliwa miezi imetimia. Nesi wa wodini alilisema hilo wazi, kwamba huyu si njiti, miezi yake yote ipo, ila hakukua. Kilo moja na gramu mia nane. Nilipompokea alikuwa na uso wa mzee mwenye mawazo, ngozi ya mapajani imelegea kama suruali ya kuazima. Walimfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wiki nzima. Kile kifua nilikijua. Nilisubiri nesi atoke, nikachukua kitambaa cha maji ya uvuguvugu na sabuni, nikamwosha mdogo wangu kifua, mara tatu, nne, mpaka akaniuliza, “Dada, mbona unanisugua hivyo?” Nikamwambia ni jasho. Kopo lililokuwa kwenye mfuko wake nililichukua, nikaenda kulitupa chooni.

Mama mkwe wake alikuja siku ya pili. Akasalimia wodi nzima, “Mwangaluka, mwangaluka,” akakaa kitandani, akamfunua mtoto, akamfunika. Hakusema neno baya. Alikuwa mama mwenye huruma, na huruma yake ndiyo iliyotupeleka tulikokwenda. “Ng'wanawane, mwanangu,” alimwambia mdogo wangu, “mtoto wa miezi tisa hawi hivi bure. Kuna mtu amemshika.”

Wakaenda kwa nfumu, mganga wa kwao. Huko kwetu wapo wanaosoma habari za mtu kwenye kuku: anapasuliwa, mganga anaangalia ndani, anasema alichokiona. Mimi sikuwepo. Mdogo wangu alinisimulia kwa simu, sauti imekauka. Kuku alionyesha kwamba ni mizimu ya upande wa mama. Mwanamke. Amekufa si zamani. Alimlea mjukuu, mjukuu akaolewa bila kwenda kumuaga kaburini, na kwa hasira ameushika mwili wa mtoto tumboni usikue.

“Ni bibi, dada,” akasema. “Bibi amemshika mwanangu.”

Nataka kusema nilikasirika. Nataka kusema nilipiga kelele nikamwambia waache upuuzi, bibi yule yule aliyekulisha uji kwa kiganja. Sikufanya hivyo. Nilikaa kwenye dumu la losheni, simu sikioni, na nikapumua. Pumzi ndefu iliyonitoka tumboni. Kulikuwa na mtu wa kubeba lawama, na amekufa, hawezi kujitetea.

Mdogo wangu akavalishwa bangili nyembamba ya shaba mkono wa kushoto, asiivue mpaka bibi atakapomwachia mtoto. Na kila mwaka baada ya kuchuma pamba aende Lalago kaburini na pombe ya mtama, amwage, aombe msamaha.

Hapo kidogo nicheke, kwa sababu bibi asiposemewa hilo nitakuwa nimemdhulumu mara mbili. Bibi yetu alikuwa mtu wa kanisa, na pombe aliichukia kuliko fisi. Alishawahi kumfukuza babu mmoja wa jirani kwa mwiko wa ugali, mwiko bado una ugali, kwa sababu alipita uani kwetu ananuka. Na kila mwaka, mwezi wa nane, tulikuwa tunakwenda kummwagia kibuyu kizima kichwani. Mimi ndiye nilikuwa nabeba kibuyu. Mdogo wangu anamwaga, na mimi nasimama nyuma natazama udongo ukinywa. Ile harufu ilinipanda puani. Nilikuwa namwambia kimoyomoyo, bibi, vumilia, mwakani nitasema.

Mtoto akiwa na miaka miwili wakaja wakaguzi. Wakapita maduka yote ya vipodozi, wakachukua makopo, wakatuita kwenye ukumbi tukaelimishwe. Nilikwenda nimenuna, tayari kubishana. Mbele alisimama mfamasia, binti mdogo, sauti ndogo, akainua tyubu. Ilikuwa ile ile yangu, boksi la rangi ile ile.

Akasema ndani yake kuna steroidi, dawa kali inayotuliza mwasho na uvimbe, na kwamba haibaki juu ya ngozi. Ukiipaka mwili mzima, siku kwa siku, inaingia kwenye damu. Na kwa mjamzito, zikitumika zile kali, kwa wingi, kwa muda mrefu, mtoto anaweza kukua kidogo kuliko inavyotakiwa. Mama mmoja nyuma akasimama kwa hofu, akasema yeye ana pumu na alipokuwa mjamzito daktari alimpa vidonge vya aina hiyo. Binti akamwambia hicho ni kitu kingine, daktari alipima faida na hatari, pumu isiyotibiwa ingemuumiza yeye na mtoto zaidi, na asithubutu kuacha vidonge hivyo mwenyewe ghafla. Kuna hata sindano za jamii hiyo, akasema, anazopewa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati, ili mapafu ya mtoto yapate nguvu. Dawa si adui. Kinachotisha ni dawa isiyo na mtu anayejua kipimo chake.

Nikajikuta nimeinua mkono. Nikauliza, “Na aliyejipaka tumbo, asubuhi na jioni, miezi sita, mtoto akazaliwa mdogo. Ni hiyo?”

Akasema kwa mtoto mmoja hawezi kuapa. Watoto huzaliwa wadogo kwa sababu nyingi. Lakini angekuwa nesi wake, hilo ndilo lingekuwa jambo la kwanza angetaka kuambiwa.

Nilirudi dukani, nikafungua mfuko wa karatasi za kuwashia jiko. Zilibaki chache. Nikakunjua moja, nikampa kijana wa duka la simu anayejua Kiingereza anisomee kidogo kidogo, bila kumwambia kwa nini. Ilikuwa imeandikwa. Ujauzito ulikuwa na sehemu yake, mistari minne. Nilikuwa nimeichoma mara ngapi ile mistari minne, sijui.

Mkorogo niliacha siku hiyo. Siku hizi nauza sabuni, ndoo, mafuta ya nazi na daftari za shule. Watu walidhani wakaguzi wamenitisha, nikawaacha wadhani. Lakini kuacha ni rahisi, kusema ndiyo kazi. Kila nikijiandaa naona ile bangili. Nikisema, nitakuwa nimemvua bibi lawama na kujivika mimi. Atanitazama kwa macho gani yule niliyembeba? Basi mwaka unaenda, pamba inachumwa, kibuyu kinajazwa, nabeba. Na bibi akaanza kunifuata. Si kwa mzuka, wala sijamwona ukutani. Ni kwamba nikikoroga uji, naona kiganja chake. Nikifunga mlango wa nyuma, nahisi kuna mtu amebaki ndani, ameketi, anangoja kwa adabu nimalize shughuli zangu ili aulize alichokosa. Miaka saba amengoja.

Mwaka huu, mwezi wa pili, mdogo wangu aliingia dukani bila kupiga simu. Akakaa kwenye stuli, akavua viatu, akatabasamu. “Dada, usishangae. Miezi mitatu.”

Nikamkumbatia. Nilipomwachia nikaona anajikuna mkono.

“Mwasho umerudi,” akasema. “Shemeji yako anapulizia tangu juzi. Nimekumbuka yale mafuta yangu ya kipindi kile, hakuna kilichonisaidia kama yale. Nitengenezee hata kopo moja, najua umeacha. Halafu safari hii twende kwa bibi mapema, tusingoje mwezi wa nane. Asije akamshika na huyu.”

Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayepanga kwenda sokoni. Mkono wa bangili ulikuwa juu ya tumbo.

Nikafunga mlango wa mbele. Nikasema, “Bibi hakumshika mtoto.”

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona sina haki ya kukaa. Beseni, tyubu, zile mbili nilizoongeza kwa upendo, karatasi, nesi mwenye miwani, kitambaa cha sabuni wodini, binti wa ukumbini. Nikamwambia pia kwamba hakuna anayeweza kuapa, huenda ni hiyo, huenda si hiyo peke yake. Nilipojisikia nasema hivyo nikaona aibu, nikaishia hapo.

Hakulia. Akauliza, “Ulijua lini?”

“Kwa uhakika, miaka saba.”

“Na kabla ya uhakika?”

“Siku ile kliniki. Nesi alipouliza.”

Akatazama misumari ya kaunta. Nje pikipiki zilikuwa zinapita, mtu anaita abiria. Akasema kwa sauti ndogo.

“Mwaka ule mtoto alipougua kifua, nilikwenda Lalago peke yangu. Hukujua. Nilimtukana, dada. Nilipiga lile kaburi kwa ngumi, nikamwambia mwachie mwanangu, mchawi wewe. Nilimwita mchawi. Bibi.”

Nilitaka kumshika bega, mkono ukakataa kunyanyuka.

Akaanza kuvua bangili. Haikutoka, mkono ulikuwa umenenepa tangu siku ile ya kuvalishwa. Akanyoosha mkono akachukua kipande cha sabuni kwenye rafu yangu, akachovya kwenye ndoo ya maji, akapaka, akavuta, ikatoka na kuacha alama ya kijani kwenye ngozi. Akaiweka kwenye kaunta mbele yangu.

“Vaa,” akasema.

Nikavaa. Mimi ni mwembamba, iliingia bila sabuni.

“Kesho kliniki unanipeleka wewe. Nesi akiuliza, utajibu wewe.”

Nesi wa siku hizi ni kijana, hana miwani. Alikuwa na foleni ndefu na alikuwa anaandika haraka. Akauliza mimba ya ngapi, mtoto wa kwanza alizaliwa na uzito gani. Mdogo wangu akamwambia. Kalamu ikasimama. “Miezi ilitimia? Sababu ilijulikana?”

Mdogo wangu akaangalia dirishani.

Nikasema. Nilisema jina la dawa, nikasema ngapi kwa kopo, mara ngapi kwa siku, miezi mingapi, na nani aliyechanganya. Nesi aliandika yote, hakunikaripia, na kutokaripiwa kuliniumiza kuliko nilivyotarajia. Akampa mdogo wangu dawa ya mwasho inayomfaa, akamweleza jinsi ya kuipaka na wapi aishie, akasema mumewe afue nguo zake za kupulizia mwenyewe. Akapanga tarehe za kupima tumbo mara kwa mara, na akasema tusiogope, mimba hii haijaharibika kitu.

Alipokuwa ananirudishia kadi akaiona bangili. “Na hii, mama, ni ya nini? Umefungiwa dawa na wewe?”

Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akageuka kutoka dirishani, akajibu kabla yangu.

“Ni ya bibi yetu,” akasema. “Dada anamwomba msamaha.”